Ukoo wa Bibi: Safari ya Meru, Septemba

Dada Rehema 19:04
Jamani, kesho asubuhi wakala anataka majina. Mlima Meru siku 3 au 4? Watu 11 mmesoma tangu mchana, kimya.

Juma 19:06
Mimi sipandi, nitawasubiri ziwani Momella na heroe 😂

Dada Rehema 19:06
Juma, nipishe. Anko Elia, siku 3 zinatosha? Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa siku.

Anko Elia 19:21
Chukueni 4. Kupanda ni kule kule: siku ya kwanza mnalala kibanda cha Miriakamba (mita 2,514), ya pili kibanda cha Saddle (3,570), saa 8 usiku mnaanza kupanda kileleni, 4,562. Tofauti iko kwenye kushuka. Ratiba ya siku 3 inakushusha kutoka kileleni hadi getini siku ileile, mita 3,000 na ushee, na hujalala. Magoti ndiyo yanalipa.

Dada Rehema 19:22
Na kichwa kuuma?

Anko Elia 19:27
Hapo siku ya nne haisaidii. Miriakamba hadi Saddle ni kuruka mita zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Mkifika Saddle msilale mchana. Kuleni, pandeni kilele cha Meru Ndogo (3,820) polepole, mshuke mlale. Mwenye kutaka nafuu ya kweli aongeze usiku mmoja Miriakamba.

Juma 19:28
Siku 5 sasa. Mwisho tutahamia

Mama Pendo 19:40
Kabla ya mchango mwingine: ule wa safari ya Lushoto ulihesabiwa na nani?

Dada Rehema 19:41
Mama Pendo, hilo tuongee pembeni. Vifaa sasa. Anko, endelea.

Anko Elia 19:49
Tochi ya kichwani, kila mtu yake. Baridi inamaliza betri haraka, za akiba zilale nawe ndani ya begi la kulalia, na simu pia. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini kwenye begi, maana barafu huanzia juu. Mdomo ukiwa chini haugandi mapema. Mifuko ya maji yenye mrija acheni, mrija ndio unaoganda wa kwanza. Kucha za miguu zikatwe siku 3 kabla. Wakati wa kushuka kaza kamba kifundoni, vidole visigonge mbele ya kiatu.

Juma 19:50
Kila mtu tochi yake? Lushoto tulikuwa na tochi ngapi vile 👀

Mama Pendo 19:50
Moja. Na ilinunuliwa kwa mchango gani?

Dada Rehema 19:52
Watu wa ziwani nao wasikilize: hakuna kutembea bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Nyati wapo njiani. Mkae nyuma yake, mstari mmoja.

Shemeji Baraka 19:58
Maji ya ziwani yanachemshwa?

Anko Elia 20:01
Hayanyweki hata ukichemsha. Momella ni maziwa ya magadi, kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi inabaki. Beba lita 3 kila mmoja. Na mifuko ya rambo iacheni nyumbani, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Juma 20:02
Kwa hiyo heroe wanakunywa nini, soda?

Babu 20:15
Rehema.

Dada Rehema 20:15
Shikamoo babu.

Babu 20:19
Marahaba. Hesabu ya Lushoto iletwe hapa kwanza, ndipo mtu atoe senti. Na huko juu, mtu akitapika, au akayumba kama mlevi, anashuka saa ileile, wawili wakimsindikiza pamoja na askari. Hakuna kumwambia ajikaze. Asiyekubali hilo asipande.

Mama Pendo 20:20
Asante baba.

Shemeji Baraka 20:20
Sawa babu.

Dada Rehema 20:34
Sawa babu. Hesabu nitaituma, daftari liko kazini.

Juma 20:36
Mimi Juma naomba niandikwe mlimani.

Dada Rehema 20:36
Wewe si ulisema ziwani?

Juma 20:37
Nimesikia njia ya kileleni kutoka Rhino Point ni ukingo mwembamba

Anko Elia 20:44
Ndiyo, na kuna mwamba unaoteleza ukishika barafu. Mikono yote miwili iwe huru pale, fimbo zifungwe begini.

Dada Neema 22:51
Ndio nasoma. Niwekeni ziwani. Au ngojeni kwanza niulize ruhusa kazini

Dada Rehema 22:53
Anko, wa mlimani ni 5 au 6? Na Mama Pendo, upo?