Barua za viongozi wa Wacherokee: majina na mwandiko vinanikwamisha

Mwanafunzi_Makulu (Dodoma)
Shikamooni wakubwa. Tasnifu yangu inahusu Wacherokee, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika, kuhamishwa kwa nguvu kutoka kusini-mashariki ya Marekani, 1838 hadi 1839. Nimeshusha picha za barua za Ross, Ridge na Watie. Majina yanajirudia, na kuna kurasa zenye mistari iliyopandana. Nianzie wapi?

Karani_Mlimwa
Marahaba. Chora ukoo kabla hujasoma hata barua moja. Major Ridge na Oowatie ni ndugu. John Ridge ni mtoto wa Major Ridge. Elias Boudinot na Stand Watie ni watoto wa Oowatie. Hao ndio upande wa Mkataba wa New Echota, 29 Desemba 1835, uliotoa ardhi ya Wacherokee kwa serikali ya Marekani. Chifu mkuu John Ross aliupinga. Tarehe 22 Juni 1839 Major Ridge, John Ridge na Boudinot waliuawa siku moja, Watie akanusurika. Barua yoyote ya baada ya hapo, jua kwanza imetoka upande upi.

Wengi hunaswa na jina la Boudinot. Barua ya 1863 yenye jina hilo haiwezi kuwa ya marehemu; mtafute mwanawe Elias Cornelius, aliyezaliwa 1835, ambaye alikuwa akimwandikia baba yake mdogo, Stand Watie.

Mhifadhi_Kongwa
Hiyo mistari ni ya kubana gharama. Kabla ya Julai 1845 posta ya Marekani ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali, basi mtu akijaza ukurasa aliugeuza ubavu akaandika tena kwa kukatiza. Zungusha picha nyuzi 90, maliza mwelekeo mmoja, ndipo urudie wa pili. Ukichanganya, sentensi zitaungana ovyo na hutagundua.

Bahasha nayo ilihesabiwa karatasi, ndiyo maana anwani iko mgongoni mwa barua. Usiuache upande huo, kwani mhuri wa posta mara nyingi hukupa mji ambao mwandishi hakuutaja. Palipobanduka lakiri, au wino ulipokula karatasi kwenye mikunjo, weka mabano ya mraba. Usikisie neno.

Herufi s zikiwa mbili, ya kwanza huandikwa ndefu: «Ross» itaonekana «Rofs». Nakili Ross. Na «ult.» ni mwezi uliopita, kwa hiyo «28th ult.» katika barua ya 3 Machi ni 28 Februari.

Mwanafunzi_Makulu
Asanteni sana. Mbona za Major Ridge zina miandiko tofauti, na sahihi yenyewe ni alama ya X?

Karani_Mlimwa
Hakuwa akiandika Kiingereza, aliandikiwa. Mwanawe John ndiye aliyesomeshwa, Cornwall, Connecticut. Kwenye daftari lako tenganisha mwenye barua na mwenye mkono, maana uchaguzi wa maneno huenda ukawa wa huyo aliyemwandikia.

Faili zipe majina kwa mwaka-mwezi-siku, kisha mwandishi na mpokeaji, ila namba ya sanduku na jalada ya hifadhi usiifute. Nyaraka nyingi za Ross ziko makumbusho ya Gilcrease, Tulsa, Oklahoma. Za akina Watie, nyingi ziko Chuo Kikuu cha Oklahoma, Norman. Za Ross zilichapishwa 1985 kwa juzuu 2, hivyo soma mwandiko mwenyewe kwanza, halafu linganisha na chapa.