Mrejesho: nilijiunga na ile kampuni changa kama meneja wa bidhaa

Wakuu, miezi saba iliyopita niliwauliza kama niache kazi ya uhakika nikawe meneja wa bidhaa wa kwanza, yaani mtu wa kupanga bidhaa iwe na nini na kipi kianze, katika kampuni changa ya watu tisa, inayotengeneza programu ya kupanga zamu na kuidhinisha likizo kazini. Nilikwenda. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Ulionisaidia kuliko wote ni ushauri wa kuuliza fedha zilizopo benki zitatosha miezi mingapi, na hisa nilizoahidiwa ni asilimia ngapi ya kampuni nzima, nisiishie kufurahia idadi yake. Mwanzilishi alinifungulia hesabu zote: miezi 14. Hisa zinaiva, yaani zinakuwa zangu, kidogo kidogo kwa miaka 4, na nikiondoka kabla ya kutimiza mwaka sipati hata moja. Nilisaini nikilijua hilo.

Mwezi wa kwanza nilisikiliza wateja tu, kama mlivyosema. Tukagundua wasimamizi wa zamu walikuwa wanarudi kwenye lahajedwali (majedwali ya kompyuta kama Excel) kwa sababu programu yetu haikuruhusu wafanyakazi wawili kubadilishana zamu. Tulianza na hilo, na wateja wawili waliotaka kuondoka wamebaki.

Nilipokwama ni kwenye kuandikiana na mwanzilishi nani ana neno la mwisho kuhusu bidhaa. Mliniambia nifanye hivyo kabla ya kusaini, nikaona aibu. Mara mbili amewaahidi wateja vitu ambavyo timu haikuvijua. Sasa tunakaa kila Jumatatu kupanga vipaumbele. Mivutano imepungua, haijaisha.