Ndimi za klarineti za kasha moja, namba moja, lakini hazilii sawa

Mwanagenzi: Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninapiga klarineti kwa ndimi (vile vipande vyembamba vinavyotetema mtu anapopuliza) za namba 2.5. Kinachonitatiza ni kwamba katika kasha lile lile chache tu ndizo hulia vizuri. Nyingine ni nzito hadi pumzi inakatika, na nyingine hutoa mlio mkali kila ninapovuka kutoka sauti za chini kwenda za juu. Je, zina kasoro za kiwandani, au zipo njia za kuziokoa kabla sijazitupa? Wapo pia wanaonishauri nihamie ndimi za plastiki. Naomba kueleweshwa.

Fundi Msasa: Ndugu, usizitupe. Ulimi hutengenezwa kwa tete liitwalo kitaalamu Arundo donax, na lile la jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, ndilo lenye sifa kubwa zaidi. Ndimi za aina moja hukatwa kwa kipimo kimoja, kisha kila mmoja hupimwa ukakamavu wake na kupewa namba. Kwa hiyo ulimi wa 3 hauna lazima ya kuwa mnene kuliko wa 2.5, bali nyuzi zake ndizo ngumu zaidi. Namba hiyo haikuambii iwapo upande wa kushoto una ugumu sawa na wa kulia, na mimi nadhani hapo ndipo tatizo lako lilipo.

Jaribu hivi: puliza noti ya sol ya wazi, yaani bila kuziba tundu lolote, huku ukiizungusha klarineti kidogo ili mdomo wa chini ubane upande mmoja wa ulimi na kuuacha mwingine huru, kisha geuza upande wa pili. Upande ulio huru ukitoa sauti nzito na ya kukwama, huo ndio mgumu. Uparuze kwa msasa laini mara mbili tatu, ukifuata nyuzi, kisha ujaribu tena. Ncha yenyewe usiiguse, kwa maana unene wake ni takriban milimita 0.1 na ikishaliwa haina dawa.

Pumzi Ndefu: Ninakubaliana na Fundi, ila ningeanza na unyevu kabla ya kushika msasa. Tete hufyonza maji na kutanuka, na likikauka bila mpangilio ncha hujikunja mawimbi, hewa ikavuja kati ya ulimi na kinywa cha klarineti, yaani sehemu inayopulizwa. Lowesha ulimi kwa dakika moja hivi, ulaze juu ya kioo kilichonyooka, uubonyeze taratibu. Ulimi mpya upige kwa dakika chache tu kwa siku za mwanzo, na uwe na kadhaa unazozitumia kwa zamu.

Kuhusu ule mlio mkali: kama ndimi zote zinalia vibaya kwenye sauti moja ile ile, acha kuzilaumu, kagua pedi, yaani vifuniko laini vinavyoziba matundu. Pedi isiyoziba sawasawa huleta mlio huohuo, na watu wengi humaliza makasha mazima kabla ya kulifikiria hilo.

Mpiga Obo: Sisi wa obo, ala nyingine ya kupuliza, ambao ulimi wetu ni vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi juu ya kijibomba, wengi hujichongea wenyewe kwa kisu, hivyo malalamiko ya kasha yananichekesha kidogo. Plastiki si ya kudharauliwa: haihitaji kuloweshwa, na humfaa sana anayebadilisha ala katikati ya onyesho, kwa mfano kutoka saksafoni kwenda klarineti, kwa kuwa ulimi wa tete uliowekwa kando hukauka upesi. Hata hivyo huwezi kuurekebisha ulimi wa plastiki kwa urahisi kama tete, na kwa sikio langu sauti za chini hupungukiwa na joto.

Mwanagenzi: Nashukuru sana. Nimefanya jaribio la sol, na ndimi nzito karibu zote zinakwama upande wa kulia. Je, yawezekana kibano kinachoushikilia ulimi ndicho kimekazwa kupita kiasi upande huo?

Fundi Msasa: Yawezekana kabisa. Legeza skrubu, hakikisha ulimi umekaa katikati ya kinywa, ujaribu upya kabla ya kuparuza chochote.