Tupeane uzoefu: filamu ya visa vingi vinavyokutana, ukajiona umo ndani

Ngazi Mbovu:
Wakuu, jana nimekosea tarakimu moja nikipiga simu. Akapokea mama mtu mzima, hata sijasalimia akasema, "Mwanangu, leo umenikumbuka." Nikakata. Kwa nini nilikata, sijui. Usiku usingizi haukuja, nikawa nawaza zile filamu ambazo watu hawajuani, kila mtu na lake, halafu ajali moja au simu moja inawafunga pamoja. Iliyonimaliza mimi ni Amores Perros (2000), ya kule Mexico City. Magari yanagongana, maisha ya watu watatu yanageuka. Yule mwanamitindo kavunjika mguu, mbwa wake katumbukia chini ya sakafu ya mbao, anamsikia akilia na hana la kufanya. Nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Haya, tupeane.

Mpenda Giza:
Yule mbwa! Mpaka leo nikisikia panya darini namkumbuka yeye.

Fundi Saa:
Mimi Babel (2006). Mwindaji Mjapani anamwachia bunduki mtu aliyemwongoza Morocco, yule anamuuzia mchunga mbuzi afukuze mbweha, vijana wa mchungaji wanajaribu kama risasi inafika mbali, na chini kule basi la watalii linapita. Hakuna aliyekusudia ubaya. Nilitafuta wa kumkasirikia nikakosa.

Kauzu:
Majaaliwa gani hayo, ni mwandishi anavuta kamba tu. Chukueni Crash. Mwenye duka anafyatua bastola, katoto ka kike kanaruka kumkinga baba yake, sote tunalia, kumbe ndani mna risasi baridi, binti wa mwenye duka alizinunua na baba hajui. Ujanja mtupu. Na ndiyo iliyobeba Oscar ya filamu bora 2006 mbele ya Brokeback Mountain.

Bibi Pazia:
Wewe! Sijaiona hiyo, umeshanimalizia utamu!

Kauzu:
Bibie, ina miaka ishirini. Ulikuwa unangoja nini?

Bibi Pazia:
Nangoja zamu yake. Mimi huangalia kwa zamu.

Nyuzi Saba:
Kauzu, una mtoto? Yule baba alimvika mwanawe joho lisiloonekana ili asiogope risasi. Wangu alikuwa anaogopa radi, nikamvika lile lile, nikamfunga na vifungo shingoni, kimoja kimoja. Sasa ana miaka tisa na bado ananiuliza tumeliweka wapi.

Kitinda Mimba:
Sikutaka kuandika, ila uzi huu umenigusa pabaya. Magnolia (1999) niliiona zamani nikaisahau. Baba alipougua mara ya mwisho, mimi ndiye niliyebaki naye. Saratani, kama yule mzee aliyeigizwa na Jason Robards. Kaka yangu mkubwa alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka kumi na mmoja. Sababu naijua, siiandiki hapa, na haki ilikuwa yake. Usiku mmoja baba akaanza kumuulizia. Jina halimtoki, anasema tu, "Yule mrefu yuko wapi?"

Nikahangaika na namba mpaka nikaipata. Akapokea wifi, ambaye hata sura yangu haijui, akasema mwenyewe hataki kusikia habari za mzee. Hapo ndipo aliponijia yule muuguzi, Philip Seymour Hoffman, kashika simu anamtafuta mtoto wa mgonjwa, anamwambia mtu asiyemjua kwamba anajua haya yanafanana na mambo ya filamu, na kwamba hii ndiyo ile sehemu ambayo mtu anamsaidia mwenzake. Nikasema vivyo hivyo. "Wifi, ingekuwa filamu, hapa ndipo unapompa simu." Kimya. Kisha nikasikia kandambili zikiburuzwa.

Kaka alifika kesho yake jioni. Tom Cruise kwenye filamu anamtukana baba yake kwanza, ndipo analia. Huyu wetu hakutukana wala hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama mikono ya mzee, akaniuliza kikata kucha kiko wapi. Akatandika gazeti, akamkata zote kumi, polepole, baba kafumba macho. Hawakusemezana. Baba akaondoka alfajiri. Lile gazeti nililikunja na kucha zake ndani, sikuweza kulitupa kwa muda mrefu.

Mpenda Giza:
Nimesoma niko kazini. Nimeenda chooni kunawa uso.

Bibi Pazia:
Pole sana dada. Hiyo nayo sijaiona na leo sigombi na mtu.

Kauzu:
Pole dada, sina neno. Ila wale vyura wanaoanguka kutoka mbinguni humo humo siwakubali hata mnipige.

Fundi Saa:
Soma Kutoka 8:2. Kuna mtu kanyanyua bango la hayo maandishi kwenye studio ya chemshabongo, na mwanzoni utabiri wa hewa unatoa asilimia 82 ya mvua. Uliambiwa mapema, masikio yako wapi?

Kauzu:
Kwa hiyo filamu niangalie na Biblia pajani?

Nyuzi Saba:
Na karatasi, ya kuandika nani ni baba wa nani.

Fundi Saa:
Karatasi hapana. Ukianza kuandika umeshapotea. Acha ikuchanganye.

Ngazi Mbovu:
Dada wa kucha, umenichoma. Namba ya yule mama bado imo kwenye simu yangu.

Mpenda Giza:
Piga.

Bibi Pazia:
Asipige! Atasema nini, "mimi si mwanao"? Atamuumiza mara mbili.

Kauzu:
Tuma ujumbe. Simu zina machozi.

Kitinda Mimba:
Piga, salimia, halafu nyamaza. Akitaka kuongea ataongea.

Mpenda Giza:
Hivi Magnolia ni dakika 188 kweli? Kesho naamka saa kumi na moja.

Fundi Saa:
Igawe mara mbili.

Kitinda Mimba:
Usiigawe.