Nimepigwa sifuri kwa kukataa kuthibitisha uongo!

Wenzangu, niacheni nitapike nyongo hapa. Si zile kesi za alama kupotea, hizo tumezizoea. Zangu zipo, ni 0 kati ya 20, kwa wino mwekundu.

Swali la 3, mtihani wa uzamili, aljebra: thibitisha kwamba bloapu ya bapa (yaani kulipuliza bapa mahali fulani upate umbo jipya) kwenye ideali (x², y), ile inayozalishwa na x² na y, ni laini, yaani haina singulariti, nukta kali kama ncha. Nikaandika kwamba si laini, nikaonyesha kwa nini. Mhadhiri akaandika pembeni: "Soma swali."

Nimelisoma, Dakta! Aljebra ya Rees, ile inayotoa milinganyo ya bloapu, hapo ina mlinganyo mmoja tu, x²T = yS, S ikisimamia x² na T ikisimamia y. Weka S = 1, unapata y = x²T, bapa safi, hakuna neno. Sasa weka T = 1: x² = yS. Hiyo ni koni! Derivativu zake ni 2x, −S na −y, zote zinakuwa sifuri kwenye ncha, na hapo ndipo penye singulariti. Mistari minne, hata ya tano haihitajiki.

Nikamfuata ofisini. Siku ya kwanza hayupo, ya pili yuko mkutanoni, na nimetoka Githurai kwa nauli ya mvua, mnajua inavyopanda. Siku ya tatu ananiambia, bila hata kunikaribisha kiti, eti Hironaka, yule mwanahisabati wa Japani, alishamaliza haya mambo, bloapu huondoa singulariti, mimi ni nani?

Hironaka wa 1964 hakusema hivyo! Alishughulikia karakteristiki sifuri (namba ambamo 1 ukiijumlisha yenyewe hupati sifuri kamwe), na kazi yote iko katika kuchagua vitovu, yaani mahali pa kupuliza, kimoja baada ya kingine, navyo viwe laini. Hakusema chukua ideali yoyote upulize ovyo kama puto. (x², y) si nukta tupu, ni nukta iliyovimbishwa upande mmoja, na uvimbe huo ndio unaozaa ncha. Ingekuwa (x, y), ningekubali bila ubishi.

Shida naijua. Muhula mzima mfano wetu ulikuwa y² = x³, mchirizo wenye ncha: weka y = xt, inabaki t² = x, laini, kila mtu anapiga makofi. Angetuonyesha basi mwavuli wa Whitney, uso wenye singulariti, x² = y²z. Puliza nukta ya asili, weka x = x′z na y = y′z, unarudishiwa x′² = y′²z. Mwavuli uleule, kama ule wa mtaa wa Tom Mboya unaouziwa mvua ikianza, ukifika stejini umeshapinduka.

Sasa naambiwa nilipie kusahihishwa upya, na atakayesahihisha ni yeye yeye. Nilipe ili anihukumu mara ya pili?

Aliyewahi kushinda rufaa ya alama aniambie alianzia mlango gani. Na kama kuna mtu wa aljebra humu anayeona nimekosea mstari wowote, auonyeshe hapahapa. Jumatatu saa mbili asubuhi niko kwa mkuu wa idara na koni yangu.