Mwendesha baiskeli akigongwa na gari, afanye nini asipoteze fidia?

Pedali
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoijua sheria. Mwendesha baiskeli akigongwa, mara nyingi dereva huahidi palepale kwamba atalipia matengenezo, yaishe bila polisi. Majeruhi akikubali, ndiyo amejifungia mlango wa fidia? Na kama hakuwa na taa wala kofia ngumu, bado ana haki? Naomba hatua zenyewe, tangu dakika ya kwanza.

Mizani
Ahadi ya mdomo haifuti haki yake. Shida ni kwamba bila polisi hakuna ripoti wala ramani ya ajali, na dereva akija kukana, linabaki neno lake dhidi ya neno la majeruhi. Polisi waitwe hata kama gari halina mkwaruzo.

Kama barabara ni salama, picha zipigwe kabla baiskeli haijasogezwa. Aanze kwa mbali, barabara nzima na alama zake, kisha asogee: gurudumu limelala wapi kutoka kwenye mstari, alama za breki, vioo vilivyomwagika. Achukue namba ya gari, leseni ya dereva, jina la kampuni ya bima na namba ya bima yenyewe, kwa sababu kwa kawaida mlipaji ni bima. Achukue na simu za mashahidi. Shahidi mmoja asiyemjua yeyote kati yao ana uzito kuliko ndugu watano. Kamera za majengo ya jirani nyingi hufuta picha zake baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo barua ya kuomba zihifadhiwe iende mapema, kesho yake ikiwezekana.

Polisi akiandika maelezo, yasomwe yote kabla ya kusaini. "Sijui gari lilikuwa na kasi gani" ni jibu halali. Akikisia, hilo kisio litarudi mahakamani kumpinga.

Bandeji
Naongeza upande wa hospitali, maana hapa ndipo madai mengi mazuri huharibikia. Aende siku hiyohiyo na ataje kila panapouma, hata padogo. Mfano ni kifundo cha mkono. Mtu akianguka akatanguliza kiganja, kuna kimfupa chini ya kidole gumba, skafoidi, ambacho ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba na pakauma, mkono hufungwa usitikisike, kisha eksirei hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Sasa kama cheti cha siku ya kwanza hakitaji mkono kabisa, bima itasema uliumia kwingine.

Cheti kiseme pia chanzo: "amegongwa na gari akiwa kwenye baiskeli". Neno "ameanguka" peke yake linamwokoa dereva bila sababu.

Spoku
Baiskeli isitengenezwe wala kusafishwa kabla haijakaguliwa. Fundi aandike kwa maandishi hali ya fremu, uma, rimu na usukani, pamoja na gharama ya kila kipande. Fremu ya kaboni inaweza kuwa na ufa chini ya rangi ambao jicho halioni. Kofia iliyopasuka na nguo zilizochanika zihifadhiwe kama zilivyo, ni vielelezo.

Mizani
Sasa taa na kofia. Sheria za nchi nyingi hupunguza fidia kwa kiasi cha uzembe wa majeruhi mwenyewe: akionekana amechangia 20%, anapata 80% ya hasara yake. Lakini uzembe huo lazima uwe umechangia madhara. Kukosa taa saa sita mchana hakukusababisha ajali, na kofia isingeuokoa mguu uliovunjika. Bima ikitaja kofia, waulizwe jeraha lipi ingelizuia.

Kuna nchi zinazomlinda zaidi. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 5, 1985, uzembe wa kawaida wa mwendesha baiskeli haumnyimi fidia ya majeraha ya mwili.

Madai yenyewe yana mafungu mawili. Fidia mahsusi ni dawa, nauli za kliniki, baiskeli, kipato kilichopotea. Kila kitu kwa risiti, na asiye na mshahara aonyeshe miamala yake ya benki au ya simu ya miezi kabla ya ajali. Fidia ya jumla ni maumivu na ulemavu. Asisahau matibabu yajayo, kama kutolewa vyuma. Ndiyo maana nasisitiza sana: asisaini hati yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" kabla daktari hajaandika kwamba hali imetulia. Akishasaini, kurudi ni vigumu mno.

Pedali
Nashukuru sana. Na dereva akikimbia, au mtu akifunguliwa mlango wa gari lililosimama?

Mizani
Mlango: Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ibara ya 24, unakataza kuufungua bila kuhakikisha hauhatarishi wengine. Aliyefungua anawajibika hata akiwa abiria.

Akikimbia, nchi nyingi zina mfuko wa kuwafidia waliogongwa na gari lisilojulikana, na kigezo cha kwanza huwa ni kuripoti polisi bila kuchelewa. Aulize pia ukomo wa muda wa kufungua kesi. Uingereza kwa majeraha ni miaka 3, kwingine ni mfupi zaidi, hasa unapodai serikali kwa sababu ya shimo barabarani. Shimo hilo lipigwe picha likiwa na futi ya kupimia ndani yake, kabla halijazibwa.