Naomba ushauri: filamu ya vita ya kutazama na mzee aliyepigana Kagera

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu kutoka Kihesa, Iringa. Kila Jumamosi jioni baba yangu mkubwa, aliyepigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, huja nyumbani tutazame filamu, na hupenda za vita, ila ana masharti yake.

Nilianza na Saving Private Ryan ya mwaka 1998. Kwangu mimi ile sehemu ya mwanzo, askari wanaposhuka ufukweni Normandy, haina mfano. Yeye alishika kikombe cha chai bila kunywa mpaka kikapoa, kisha akaniomba nizime. Filamu ya 1917, iliyotoka mwaka 2019 na kutengenezwa ionekane kama picha moja isiyokatika, aliimaliza, akasema walioitengeneza wanayajua matope, na kwamba vita kwa sehemu kubwa ni kutembea na kusubiri. Zile za shujaa mmoja anayemaliza jeshi zima huzicheka, na hapo namuunga mkono.

Sasa nimekwama. Ninafikiria Das Boot ya mwaka 1981, kuhusu mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani, lakini macho yake hayawezi tena kusoma maandishi ya chini. Je, kuna mwenye nakala iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili? Na kama haipo, ni filamu gani nyingine inayoonyesha hofu na kusubiri zaidi ya risasi, bila kumrudishia mzee yale aliyoyaacha Uganda?